Kompresa Inayowaka Kisii na Kugoma Kebirigo

Najua nilisema makala itakayofuata ingekuwa sehemu ya pili ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo nataka kusimulia habari za mdudu mmoja aliyenila wikendi mbili nzima, na wala hakuwa ndani ya kompyuta (au tarakilishi, kwa wale waliosomeshwa na walimu wakali kama wangu). Alikuwa ndani ya kompresa ya hewa.

Kila anayeandika programu anaijua ile sentensi ya kuudhi: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Mteja anapiga simu analia kwamba programu imekufa, wewe unaifungua kwenye mashine yako, inakimbia kama swara. Mteja hasemi uongo, na wewe husemi uongo. Sasa chukueni hadithi hiyo, ondoeni kompyuta, wekeni mota, tangi na matairi ya boda boda.

Mjomba wangu ana kibanda cha pancha kando ya barabara pale Kebirigo, kaunti ya Nyamira, karibu na steji ya pikipiki. Kompresa yake ni zile ndogo za nyumbani, tangi la lita 24, mota ya nguvu-farasi 2, magurudumu mawili nyuma na mguu wa mpira mbele. Mmeziona kila mahali. Hazikutengenezwa kwa kazi ya kutwa kucha, lakini hapa kwetu ndizo zinazolisha watu, maana ile kubwa ya mkanda bei yake ni ng'ombe mzima. Asubuhi waendesha boda boda wanapita kujaza upepo, jioni wanarudi na pancha. Kompresa ikigoma, wanavuka barabara kwa jirani, na wakishazoea kwa jirani hawarudi.

Basi kompresa ilianza kugoma hivi. Asubuhi, tangi likiwa tupu, inawaka vizuri kabisa. Inajaza mpaka geji inafika bar 8, inajizima yenyewe kama inavyotakiwa. Mjomba anajaza matairi matatu manne, geji inashuka hadi karibu bar 6, swichi ya presha inaliita mota tena... halafu hakuna kitu. Inanguruma tu, mmmmmm, haizunguki. Baada ya sekunde kadhaa kitufe chekundu cha ulinzi kinaruka na kuikatia umeme. Ukitoa hewa yote kwenye tangi na kusubiri ipoe, inawaka tena kama mpya. Kwa hiyo mjomba alikuwa akijaza tangi, anatumia, anamwaga hewa iliyobaki, anaanza upya. Fikiria kupiga maji kisimani, kunywa kikombe kimoja, na kumwaga ndoo.

Aliipeleka kwa fundi mjini Kisii, upande wa Daraja Mbili, mara mbili. (Kondakta wa matatu alimtoza nauli ya kompresa kama abiria, na akaambiwa aipakate.) Mara ya kwanza fundi alibadilisha kapasita. Mara ya pili alifungua kichwa, akabadilisha ringi ya pistoni na gasketi. Mara zote mbili aliichomeka mbele ya mjomba, ikajaza, ikajizima, wakatoa hewa kidogo, ikawaka tena yenyewe bila shida. Mara zote mbili ilifika Kebirigo ikagoma siku hiyo hiyo. Mara ya tatu mjomba alinipigia mimi simu.

"Injinia, hii mashine inanichezea. Kisii inakuwa mtoto mzuri, hapa nyumbani inakuwa mkaidi. Ama ni mambo ya watu?"

"Mjomba, hapana, si mambo ya watu. Usiifungue tena. Nitakuja Jumamosi."

Kabla hatujaendelea, wacha nieleze kwa haraka mashine hii inavyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Pistoni inavuta hewa ya nje, inaibana, inaisukuma kupitia kibomba chembamba cha shaba hadi kwenye tangi. Pale kibomba kinapoingia tangini kuna valvu ndogo ya njia moja: hewa inaingia, hairudi. Juu ya tangi kuna swichi ya presha. Hiyo ina kazi mbili, na watu wengi wanajua moja tu. Kazi ya kwanza ni kuzima mota tangi likijaa na kuiwasha presha ikishuka. Kazi ya pili ni kwamba kila inapozima mota, inafungua kitundu kidogo kinachotoa hewa iliyobaki ndani ya kile kibomba. Ile "psst" fupi mnayoisikia kompresa inapozima ndiyo hiyo. Lengo lake ni kwamba mota ikiwaka tena, pistoni isikute hewa ya bar 6 imeikalia kichwani. Mota ndogo kama hizi hazina nguvu ya kuanza na mzigo huo. Zikishashika kasi hazina taabu, lakini kuanza ndiyo kazi. Ni kama mkokoteni wa ndizi kwenye kilima: ukishatembea unatembea.

Jumamosi nilifika, tukasalimiana, nikanywa chai (Kebirigo kuna kiwanda cha chai, huwezi kukataa chai), kisha nikafanya kitu kimoja tu: nikakaa kwenye jiwe nikasikiliza. Sikushika spana. Kompresa ilijaza, ikazima, na badala ya "psst" fupi nikasikia "psssssssss" isiyokwisha. Hafifu, kama tairi lenye mwiba. Barabarani pikipiki zikipita huisikii kabisa.

Hiyo sauti ilinipa nusu ya jibu. Kama kitundu kinaendelea kutoa hewa baada ya kibomba kuwa tupu, basi hewa hiyo inatoka mahali pengine, na mahali pengine ni pamoja tu: tangini, inarudi nyuma kupitia valvu ya njia moja ambayo haifungi sawasawa. Kibomba hakiishi hewa. Pistoni inaanza kazi ikiwa na mzigo kichwani, si mzigo wote, lakini mzigo.

Hapo mtu mwenye haraka angefungua valvu, aisafishe, aende zake. Lakini swali la mjomba lilikuwa bado halijajibiwa. Valvu ile ile mbovu ilisafiri hadi Kisii mara mbili, na kule mota iliwaka nayo. Sababu inayoeleza hitilafu lakini haielezi kwa nini hitilafu haitokei mahali pengine ni nusu sababu. Nimeona programu nyingi "zikitengenezwa" kwa nusu sababu, na mnajua zinavyorudi.

Kwa hiyo nikauliza: Kebirigo kuna nini ambacho Daraja Mbili hakuna? Mashine ni ile ile. Fundi ni mtu wa kuaminika, kapasita aliyoweka nimeipima, imeandikwa 30 na inasoma 29. Kinachobadilika ni mazingira.

Wazo la kwanza lililonijia ni mwinuko. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa upande wa Nyamira unapanda zaidi, karibu mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi. Usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni karibu bar 1, huku kwetu ni karibu 0.8. Ndiyo maana kijitabu cha kompresa kinasema tangi litajaa kwa dakika fulani na kwako linachukua zaidi: kila pistoni inapovuta inapata robo tatu na kidogo ya hewa ambayo ingepata Mombasa. Hilo ni kweli na linafaa kulijua, lakini kati ya Kisii na Kebirigo tofauti ni ndogo mno kuangusha mota. Nikaliweka kando.

Jambo la pili ni umeme, na hapa nikatoa maltimita. Kwenye soketi ya nyumbani kwa mjomba: volti 228. Nzuri, nchini kwetu hesabu rasmi ni 240 na kushuka kidogo si ajabu. Lakini kompresa haiko nyumbani. Iko kibandani, na umeme unafika huko kwa waya uliopita juu ya ua na kando ya migomba, mita 50 hivi. Nikapima kibandani, kompresa ikiwa imezima: volti 228, ile ile! Mtu angesema hapa umeme hauna shida. Ila waya usiobebeshwa mzigo haukwambii kitu, kama vile tovuti isiyo na wageni isivyokwambia seva itastahimili nini. Nikaacha maltimita imechomekwa, nikamwambia mjomba atoe hewa mpaka mota iitwe. Ikanguruma, na namba zikaanguka: 178.

Volti 50 zimeliwa njiani! Twende hesabu kidogo, si ngumu. Waya ulikuwa wa milimita ya mraba 1.0, ule mwembamba wa taa. Kila mita yake ya shaba ina ukinzani wa karibu ohm 0.02. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 50 ni mita 100, yaani ohm 2. Mota ya namna hii ikizunguka inakula ampea 8 hivi. Lakini mota iliyosimama ikijaribu kuanza inakula mara tatu au zaidi. Ampea 25 mara ohm 2 ni volti 50. Karatasi na maltimita vikakubaliana, jambo ambalo kwa kweli hunifurahisha kuliko inavyopasa.

Na ubaya ni kwamba nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka haishuki sambamba na volti. Inashuka kwa mraba wake. 178 gawanya kwa 240, kisha jizidishe: unapata 0.55. Mota ya mjomba ilikuwa ikiamka na nusu ya nguvu zake na kidogo. Tangi likiwa tupu, nusu inatosha. Kibomba kikiwa na hewa iliyovuja, haitoshi. Kisii, kwa fundi, soketi iko ukutani na waya wa kompresa ni wa mita mbili: mota inaamka na nguvu karibu zote, inaisukuma ile hewa iliyovuja bila hata kukohoa. Kwa hiyo valvu peke yake haikutosha kuigomesha, na waya peke yake haukutosha. Waya ule ulikuwa pale tangu kibanda kijengwe, na kompresa ilifanya kazi nao muda mrefu tu valvu ilipokuwa inafunga. Ilibidi viwili hivi vikutane, na vilikutana mahali pamoja tu duniani, Kebirigo.

"Kwa hiyo fundi hakunidanganya," mjomba akasema.

"Hakukudanganya. Na wewe hukumdanganya."

Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anakumbuka maneno aliyomwambia fundi kwenye simu.

Sasa ufundi wenyewe. Ili kufungua valvu ya njia moja lazima tangi liwe tupu kabisa, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Chini ya tangi kuna skrubu ya kutolea maji. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Tulihangaika nayo kwa mafuta na spana, ilipolegea yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, karibu nusu lita, na vipande vyembamba vya kutu kama maganda ya kitunguu.

Maji yanatoka wapi wakati hakuna aliyeyatia? Yanatoka hewani. Hewa ya nyuzi 20 ikishiba mvuke inabeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo, na mvua za kwetu mnazijua, hewa mara nyingi haiko mbali na kushiba. Ukiibana hewa hiyo hadi sehemu ya kumi ya ujazo wake kisha ikapoa, haiwezi tena kubeba maji yale, inayadondosha. Vijiko vichache kwa siku. Kwa miaka mitatu bila kufungua skrubu, chuma cha chini ya tangi kinakaa ndani ya maji kikiliwa polepole kutoka ndani, na nje rangi inang'aa.

Nikavuta pete ya valvu ya usalama, ile inayopaswa kupumua yenyewe presha ikizidi. Haikusogea. Nayo imeganda.

Hapo niliweka spana chini. Tangi la lita 24 likiwa na bar 8 limebeba nishati ya kama kilojuli 26. Hiyo namba haisemi kitu, kwa hiyo nilimwambia mjomba hivi: piga picha boda boda, dereva na abiria wake, jumla kilo 250, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Nishati yao ni karibu hiyo hiyo. Tangi likipasuka, nishati hiyo inatoka mara moja, na mtu wa kwanza kuipokea ni anayekaa karibu nalo. Anayekaa karibu nalo ni binamu yangu wa kidato cha pili, anayemsaidia baba yake wikendi, na kiti chake kilikuwa ni tangi lenyewe.

Mjomba hakupenda kusikia hayo. Alikuwa amepoteza wiki tatu za kazi, amelipa fundi mara mbili, amelipia kompresa nauli, na sasa mtoto wa dada yake aliyetoka Nairobi anamwambia asiiwashe wakati ndipo tumepata tatizo. "Safisha hiyo valvu kwanza, tufanye kazi, tangi tutaliona mwisho wa mwezi." Jirani mmoja akashauri tulipeleke likabandikwe kiraka cha kuchomelea. Kiraka kwenye chuma kilicholiwa ni kushona kiraka kwenye shati lililooza: uzi unashika kiraka, shati linaachia kando yake. Tulibishana, kwa heshima lakini tulibishana. Mwishoni tulikubaliana kwamba tangi litasema lenyewe.

Tangi linajaribiwa kwa maji, si kwa hewa. Hili ukilikumbuka peke yake inatosha. Maji hayabaniki, kwa hiyo hata chuma kikiachia, kinachotokea ni maji kuchuruzika na presha kuanguka papo hapo. Tulitoa mota na kichwa, tukajaza tangi maji hadi pomoni hadi hakuna hewa iliyobaki, tukaziba matundu, tukaunganisha pampu ya mkono ambayo mafundi wa mabomba hutumia kupimia mabomba ya nyumba. Tulikodi moja Nyamira mjini. Mpango ulikuwa kufika bar 12, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwenye bar 9 jasho likaonekana pale mguu ulipochomelewa kwenye tumbo la tangi. Tone moja, likafuatwa na jingine. Mjomba akalipangusa kwa kidole gumba, likarudi. Akasema, "Basi."

Kwa wanaouliza: ndiyo, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inayataja matangi ya hewa na inataka yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kwenye vibanda vya pancha sijawahi kumwona mkaguzi huyo, na kipimo chetu cha pampu ya kukodi hakichukui nafasi yake.

Tulichofanya baada ya hapo ni rahisi kusimulia. Fundi yule yule wa Daraja Mbili alikuwa na kompresa ya ukubwa huo iliyoungua mota, tangi lake likiwa jipya bado. Mjomba alimwendea mwenyewe, wakamaliza mambo yao, akarudi na tangi kwa nusu ya bei aliyotajiwa kwanza. Tulilijaribu kwa maji nalo pia, likafika bar 12 na kukaa hapo dakika 15 bila geji kutikisika. Valvu mpya ya usalama. Valvu ya njia moja tuliifungua: kile kisahani cha mpira kilikuwa na kaboni ngumu upande mmoja na mkwaruzo upande wa pili, tukaweka kipya badala ya kusugua cha zamani. Na waya. Tuliondoa ule wa taa, tukavuta wa 2.5 ndani ya bomba la plastiki. Waya wa 2.5 kwa mita 50 una ohm 0.8 tu, kwenda na kurudi. Nikapima tena wakati mota inaanza: volti 206. Kwa hesabu ile ya mraba ni karibu robo tatu ya nguvu, si nusu. Niliijaribu kwa makusudi na ile valvu ya zamani inayovuja kabla ya kuweka mpya, ikawaka. Kisha nikaweka valvu mpya na kurudisha waya wa zamani, ikawaka pia. Mjomba aliniona kama mtu asiye na kazi, kufungua kilichokwisha kufungwa, lakini nilitaka kuona kila nusu ikiwa peke yake.

Kama una kompresa kama hii nyumbani au kazini, na una dakika tano leo jioni: izime, chomoa plagi, toa hewa yote, fungua skrubu ya chini uone kinachotoka. Kikitoka maji safi, endelea kufanya hivyo kila jioni. Yakitoka ya rangi ya chai, usiiwashe kesho. Vuta pete ya valvu ya usalama. Sikiliza inapozima, hesabu moja, mbili, ile sauti iwe imekwisha. Na usiitumie ikiwa na waya mrefu ulioviringishwa, kwa sababu ule waya wa mjomba, ampea 8 kwenye ohm 2, ulikuwa unageuza wati 128 kuwa joto siku nzima, na ukiwa umeviringishwa joto hilo halina pa kwenda.

Lile tangi la zamani lilikatwa katikati Jumapili mchana kwa msumeno wa chuma, ili mtu asije akaliokota na kulitia hewa. Sehemu ya chini ilikuwa imebaki unene wa kopo la maziwa. Binamu yangu alipitisha msumari.